Nguvu Nayo Hufundishwa

Mhadhara wa wazi kwa walimu, wazazi na wakufunzi wa michezo



Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya nguvu kwa watoto wa shule. Najua swali ambalo wazazi wengi wamekuja nalo: je, mtoto akipiga pushapu au akinyanyua kitu kizito hatadumaa? Nitalijibu. Lakini kuna maswali mawili yanayolitangulia, na bila hayo jibu langu halitakuwa na mizizi. La kwanza: mtoto akiongezewa nguvu, je, kweli atakimbia kasi zaidi, ataruka mbali zaidi na kurusha vizuri zaidi? La pili: nguvu hiyo inatoka wapi, ilhali mwili wake bado haujapevuka?

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao hadi mwisho. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, nguvu ni jambo la kujifunza kabla ya kuwa jambo la misuli minene. Mwili wake hujifunza kuitumia misuli ile ile aliyo nayo, kama vile mkono wa mwanafunzi wa darasa la kwanza unavyojifunza kuandika herufi bila vidole vyake kunenepa. Basi nguvu hufundishwa. Na kinachofundishwa kinataka mwalimu, kinataka hatua, kinataka marudio, na kinataka nafasi kwenye ratiba.

Tunazungumzia nini

Ukitaja mazoezi ya nguvu, watu huona kijana aliyejaza kifua akinyanyua vyuma jimu. Hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Mazoezi ya nguvu ni mazoezi yoyote yanayoilazimisha misuli kushindana na uzito, yakiwa yamepangwa ili uzito au ugumu uongezwe kidogo kidogo. Uzito wenyewe waweza kuwa mwili wa mtoto: kupiga pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kuning'inia kwenye bomba lililosimikwa imara. Waweza kuwa mpira wa zamani uliojazwa mchanga, au dumu la maji la lita tano, ambalo likijaa lina takriban kilo tano. Kuruka nako kumo. Mtoto anaporuka na kutua, miguu yake hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa.

Mashindano ya kunyanyua vyuma ni jambo jingine. Huko mtu hutafuta uzito mkubwa kuliko wote anaoweza kuuinua mara moja. Kujenga mwili ili upendeze mbele ya kioo ni jambo jingine pia. Somo la shule halihitaji hata moja kati ya hayo.

Upande wa pili wa mada ni utendaji wa viungo. Watafiti huupima kwa vitendo vitatu ambavyo kila mwalimu anavijua: kukimbia mbio fupi, kuruka juu au mbele, na kurusha. Vitendo hivyo ndivyo vinavyobeba michezo ya watoto wetu. Anayecheza rede hurusha, hukwepa na kugeuka ghafla. Anayeruka kamba hutua mara nyingi kwa dakika moja, tena kwa mpangilio. Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, ukiacha majina ya michezo na jezi, ni kukimbia, kuruka na kurusha kulikopangwa kwa namna mbalimbali.

Shaka ya wataalamu

Hofu ya wazazi haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliamini kwamba mazoezi ya nguvu hayamfai mtoto mdogo. Mwaka 1978 mtafiti wa Ubelgiji, J. Vrijens, alichapisha utafiti wa wavulana waliobalehe na ambao hawajabalehe waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki nane. Wakubwa waliongeza nguvu mwili mzima, lakini wadogo, nguvu za mikono na miguu yao hazikuongezeka vya kutosha kuhesabika. Mwaka 1983 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani nacho kikaandika kwamba mvulana ambaye hajabalehe hawezi kupata manufaa makubwa kwa mazoezi hayo, kwa kuwa homoni za kiume bado ni chache mwilini mwake.

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Misuli hunenepa kwa msaada wa homoni, hasa testosteroni. Mtoto wa miaka tisa hana testosteroni ya kutosha. Kwa hiyo misuli yake haitanenepa, na nguvu haitaongezeka. Madai matatu ya mwanzo ni sahihi kwa kiasi kikubwa. La mwisho, kwamba nguvu haitaongezeka, ndilo lililoteleza, kwa sababu lilichukulia kwamba nguvu na unene wa misuli ni kitu kimoja. Tena mazoezi yaliyotumiwa katika tafiti za mwanzo yalikuwa machache mno na ya muda mfupi.

Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wakiongozwa na J. A. Ramsay, walichukua wavulana wa miaka 9 hadi 11 wakawafanyisha mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 20. Uzito ambao watoto hao waliweza kuusukuma kwa mikono uliongezeka kwa asilimia 35, na ule wa kusukuma kwa miguu kwa asilimia 22. Kisha misuli yao ikapimwa kwa picha za mionzi. Unene haukuwa umebadilika. Nguvu imeongezeka, misuli ni ile ile.

Baada ya hapo lugha ya madaktari ilibadilika hatua kwa hatua. Chuo kile kile cha madaktari wa watoto kimerekebisha mwongozo wake mara kadhaa, na toleo la mwaka 2020 linaeleza manufaa ya mazoezi ya nguvu kwa watoto na namna ya kuyafanya kwa usalama. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Rhodri Lloyd wa Wales, walitoa tamko la pamoja la kuyaunga mkono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kipengele hicho cha pili ndicho tunachokisahau.

Neva kwanza, unene baadaye

Sasa nguvu ile ya wavulana wa McMaster ilitoka wapi? Misuli haijiendeshi yenyewe. Kila seli ya neva ya mwendo inayotoka kwenye uti wa mgongo huamrisha kundi lake la nyuzi za misuli. Ukitaka kunyanyua ndoo, ubongo huita makundi kadhaa yafanye kazi kwa pamoja. Mtu mzima aliyezoea huita makundi mengi, huyaita haraka, na huilegeza misuli ya upande wa pili ili isimpinge. Mtoto huita sehemu ndogo zaidi ya makundi aliyo nayo, na mara nyingi hukaza misuli miwili inayovutana. Anapofanya mazoezi kwa mpango, mfumo huo wa amri hunyooka.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, John Ozmun na wenzake, walilithibitisha hilo kwa kupima umeme unaopita kwenye misuli ya mkono. Baada ya wiki nane za mazoezi, nguvu za watoto ziliongezeka, umeme wa misuli uliongezeka, na mzunguko wa mkono ukabaki ulivyokuwa.

Walimu, hapa naomba tutulie kidogo, maana mambo yote nitakayoyasema yanatoka hapa.

Kwanza, maendeleo ya mtoto mdogo hayaonekani kwa macho. Mzazi anayemtazama mwanawe begani akitafuta misuli atakata tamaa bure. Maendeleo yamo katika namna anavyochuchumaa, anavyotua, anavyosukuma.

Pili, kwa kuwa mfumo wa neva ndio unaojifunza, hujifunza chochote unachokirudia. Mtoto anayetua kila siku magoti yakigongana anajifunza kutua hivyo. Marudio kumi sahihi yana thamani kubwa kuliko hamsini ya kujilazimisha.

Tatu, kabla ya kubalehe wasichana na wavulana huanza karibu sawa. Tofauti kubwa huja baadaye, testosteroni inapopanda kwa wavulana. Kumwambia msichana wa darasa la nne kwamba nguvu si zake hakuna msingi wowote katika mwili wake.

Nne, kilichojifunzwa husahaulika. Mwaka 1996 Avery Faigenbaum na wenzake waliwafanyisha watoto mazoezi kwa wiki nane, kisha wakawaacha wiki nane bila mazoezi. Sehemu kubwa ya nguvu waliyoipata ilipotea. Fikirieni likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ina maana gani kwa mtoto asiyepewa hata zoezi moja la kufanya nyumbani.

Mbio, mruko na mrusho

Kumwongezea mtoto nguvu kwenye mashine ya maabara ni jambo moja. Kumfanya awe hodari uwanjani ni jingine, na ndilo swali letu la kwanza.

Ugumu wa kulijibu ni kwamba mtoto hukua. Mpime mruko Januari, mpime tena Novemba, ataruka mbali zaidi hata kama hujamfundisha lolote, kwa kuwa miguu imerefuka. Kwa hiyo utafiti wa kuaminika lazima uwe na makundi mawili ya watoto wanaolingana, moja likifanya mazoezi ya nguvu na jingine likiendelea na maisha yake ya kawaida. Tofauti ya makundi hayo ndiyo inayotupa habari.

Mwaka 2011 Michael Behringer na wenzake wa Ujerumani walikusanya matokeo ya tafiti 34, zenye jumla ya watoto na vijana 1,432, wakachambua kukimbia, kuruka na kurusha. Kipimo chao cha jumla cha manufaa kilikuwa 0.52. Namba hiyo ina maana hii: chukua mtoto wa wastani katika kundi lililofanya mazoezi, umpange na watoto 100 wasiofanya. Kama mazoezi hayasaidii, angewapita 50. Kwa kipimo hicho anawapita takriban 70. Kwa programu ambazo nyingi zilidumu wiki chache tu, hayo ni mafanikio makubwa.

Kwa kuruka kipimo kilikuwa 0.54 na kwa kukimbia 0.53. Kwa kurusha kilifika 0.99, ila hapo natahadharisha: makisio ya watafiti yenyewe yalianzia 0.19 hadi 1.79. Upana wa namna hiyo unatuambia kwamba manufaa yapo, lakini ukubwa wake haujatulia. Atakayekuuzia programu kwa kunadi hiyo 0.99 peke yake, muulize kuhusu hiyo 0.19.

Kinachotuhusu zaidi katika uchambuzi ule ni jambo jingine. Walionufaika zaidi walikuwa watoto wadogo kuliko vijana wakubwa, na wasio wanamichezo kuliko wanamichezo. Hilo linageuza desturi yetu juu chini. Shule nyingi huchagua wachezaji wachache wa timu, zikawapa mazoezi ya ziada, na wengine wote wakakaa pembeni kushangilia. Kumbe wale wanaoshangilia ndio ambao saa moja ya mazoezi ingewabadilisha zaidi. Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba mazoezi maalumu ya kuiga mchezo fulani hayakuyazidi mazoezi ya nguvu ya kawaida. Shule isiyo na kocha bingwa wala vifaa vya bei ghali haikosi mengi.

Je, muda? Faigenbaum na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watoto wa darasa la pili huko Marekani. Kundi moja lilitengewa takriban dakika 15 za mazoezi ya nguvu na wepesi ndani ya kipindi cha kawaida cha michezo, mara mbili kwa wiki, kwa wiki nane. Kundi la pili liliendelea na kipindi cha kawaida. Wale wa dakika 15 waliwapita wenzao katika pushapu, katika kuruka mbele, katika kuruka kwa mguu mmoja, na hata katika mbio za nusu maili. Nusu saa kwa wiki, ndani ya kipindi kilichokuwepo tayari.

Kudumaa na kuumia

Sasa swali la wazazi. Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo zikivunjika vibaya ukuaji waweza kuharibika. Hilo ni kweli, na ndilo chimbuko la hofu. Miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliandika visa vya vijana walioumia sehemu hizo wakinyanyua vyuma. Ukivisoma, utakuta mara nyingi uzito mkubwa ulioinuliwa juu ya kichwa, bila msimamizi, kwa mbinu mbovu. Katika programu zilizosimamiwa vizuri na kufuatiliwa na watafiti, urefu wa watoto haujaathirika.

Kudumaa kwa watoto wetu kuna sababu zinazojulikana. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa. Hao hawajawahi kupiga pushapu hata moja. Wamedumazwa na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Mzazi anayehofia urefu wa mwanawe aanzie kwenye sahani.

Kuhusu kuumia, mwaka 1994 Brian Hamill alilinganisha michezo ya vijana wa shule nchini Uingereza. Kwa kila saa 100 za kushiriki, kandanda ilikuwa na majeraha 6.2 na mazoezi ya vyuma 0.0035. Takwimu hizo zilitokana na hojaji, na vijana wa vyuma walikuwa chini ya makocha waliosomea. Hata ukizipunguzia uzito kwa sababu hizo, pengo linabaki kubwa. Na bado hakuna mzazi anayemzuia mwanawe kucheza kandanda kwa kuogopa kudumaa.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, ulichunguza watu waliofikishwa hospitali baada ya kuumia kwa vyuma. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, theluthi mbili ya majeraha yalikuwa ya mikono na nyayo, mengi yakitokana na kuangushiwa chuma au kubanwa. Hayo ni majeraha ya kukosa uangalizi, na dawa yake ni mtu mzima aliye macho.

Mtu ataniuliza: mbona watoto wetu wa vijijini hubeba maji kila siku, hayo si mazoezi tosha? Dumu la lita 20 likijaa maji lina takriban kilo 20. Mtoto wa kilo 28 anayelibeba kichwani amebeba zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, kwa umbali aliopangiwa na kisima, akiwa amechoka au hajachoka, akiwa amekula au hajala. Katika mazoezi, uzito huchaguliwa kulingana na mtoto, mapumziko yamo, mbinu husahihishwa, na mtoto anayeumwa husimama. Kazi hiyo nzito ya kubeba maji haiufundishi mwili wake. Humchosha tu, tena shingo na mgongo ndivyo vinavyolipa.

Miili ya watoto wa leo

Kwa nini tuhangaike sasa, wakati sisi wenyewe tulikua bila programu yoyote? Tulikua tukipanda miembe, tukicheza mieleka na kuvutana kamba. Kushindana na uzito kulikuwa ndani ya mchezo. Mazingira hayo yanapungua, hasa mijini, ambako uwanja wa mtaa umekuwa maegesho na mtoto hupelekwa shule kwa basi au bodaboda.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma shule duniani hawakuushughulisha mwili vya kutosha. Jirani zetu wa Nairobi walishiriki katika utafiti wa nchi 12 uliohusu watoto wa miaka 9 hadi 11, upande wa Nairobi ukiongozwa na Vincent Onywera, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Takriban mtoto mmoja kati ya watano waliopimwa Nairobi alikuwa na uzito uliozidi.

Uzito unaozidi huonekana. Udhaifu wa misuli hauonekani. Katika mji wa Chelmsford, Uingereza, watafiti walipima nguvu za watoto wa miaka 10 mwaka 1998, wakapima wa umri huo huo mwaka 2008. Idadi ya siti-apu ilikuwa imeshuka kwa asilimia 27 na nguvu za mikono kwa asilimia 26, ilhali watoto wa 2008 hawakuwa wanene kuliko wale wa awali. Mizani ya kliniki isingeugundua upungufu huo.

Sisi tuna mchakamchaka, zile mbio za pamoja za kuimba, na ni hazina. Huufanya moyo na mapafu vifanye kazi, huamsha darasa, na nyimbo zake hujenga umoja. Lakini mchakamchaka hauiimarishi mikono, kifua wala mgongo, wala haumfundishi mtoto kutua. Unahitaji mwenzake.

Zoezi lisiwe fimbo

Walimu wenzangu, kuna jambo tulizungumze bila kuficha. Shuleni mwetu mazoezi ya nguvu yapo, ila tumeyaweka upande wa adhabu. Aliyechelewa arushwe kichurachura. Aliyepiga kelele apige pushapu 50. Aliyesahau daftari achuchumae mikono masikioni.

Ukifuata niliyoyasema kuhusu neva, utaona hasara yake. Anayefanya akiwa ameogopa na amechoka hurudia mbinu mbovu, nayo ndiyo inayokaa mwilini. Hakuna anayempima uwezo kabla, na idadi hupangwa na hasira ya mwalimu. Mazoezi ya kulazimishwa kupita kiasi yaweza hata kuvunja nyuzi za misuli na kuziumiza figo. Zaidi ya hayo, mtoto hujifunza kwamba kuushughulisha mwili ni fedheha, kitu ambacho mtu huru hukikwepa. Somo hilo hatalisahau akiwa na miaka arobaini na daktari anamwambia afanye mazoezi.

Hatuwezi kumwadhibu mtoto kwa pushapu Jumatatu, kisha Jumatano tumwambie pushapu ni afya. Mwalimu achague moja.

Dakika kumi na tano

Nitamaliza kwa jinsi ya kufanya, nikimfikiria mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80, uwanja wa vumbi na hana fungu la vifaa.

Mwaka 1953 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Leeds, R. E. Morgan na G. T. Adamson, walitengeneza mtindo wa mazoezi ya kuzunguka vituo, kwa ajili ya watu wengi katika nafasi ndogo. Unatufaa sana. Chora vituo vinane uwanjani, kila kimoja wanafunzi kumi, yaani jozi tano. Katika kila jozi mmoja anafanya nusu dakika, mwenzake anahesabu na kutazama mbinu, kisha wanabadilishana na kuhamia kituo kinachofuata. Duara zima huchukua kama dakika kumi. Dakika tano za mwanzo ni za kupasha mwili moto.

Vituo vyaweza kuwa hivi: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, na asiyeweza ayaweke magoti chini au asukume ukuta, kuruka mbele kwa miguu miwili na kutua bila kishindo, kumrushia mwenzake mpira wa mchanga kutoka kifuani, kusimama kwa mguu mmoja na kuinama kugusa chini, kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, kutembea mwendo wa kaa, na kuruka kamba. Wanaotumia uzito wafanye seti moja hadi tatu za marudio 8 hadi 15, mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisifuatane. Uzito uongezwe kwa asilimia 5 hadi 10 tu, na baada ya mbinu kunyooka. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aanze lini? Anapoweza kusikiliza maelekezo na kuyafuata, kwa kawaida miaka sita au saba.

Yako mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni tofauti za miili. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, hivyo darasa la sita moja lina watoto na watu wazima wadogo. Jozi zilingane kwa mwili na uwezo. La pili ni afya. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au kifafa apate kwanza ushauri wa daktari, na kwa mwenye selimundu maji na mapumziko havina mjadala. Mtoto aliyekuja bila kula asisukumwe. La tatu ni wasichana wakubwa. Wengi huacha michezo kwa sababu ya mavazi na macho ya watu, wakati huo huo magoti yao yakihitaji zaidi mafunzo ya kutua. Ruhusu suruali na hijabu, na ukiweza watengee upande wao wa uwanja.

Wenye timu za kandanda nao wasikilize. Programu ya FIFA ya kupasha mwili kwa watoto, yenye kuruka, kusimama kwa mguu mmoja na kuanguka kwa mbinu, ilijaribiwa katika nchi nne za Ulaya kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Majeraha yalipungua kwa asilimia 48. Haihitaji zaidi ya dakika 20 kabla ya mazoezi ya mpira.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakuu wa shule. Somo la Hisabati lina daftari la alama. Somo hili nalo lipewe lake. Wiki ya kwanza ya muhula, kila mtoto aruke mbele akiwa amesimama, arushe mpira wa mchanga, akimbie mita 20. Andikeni sentimita na sekunde. Wiki ya mwisho mpime tena, na mlinganishe kila mtoto na yeye mwenyewe, asitangazwe mbele ya wenzake. Kwa kuwa watoto hukua hata tusipofanya kitu, shule mbili jirani ziungane: moja ianze muhula huu, nyingine ianze ujao, kisha mketi pamoja na madaftari yenu. Utepe wa kupimia na saa vinatosha, na majibu yatakuwa ya watoto wenu wenyewe, yasiyotegemea Leeds wala McMaster.